Ndani ya hevi metali kumefichwa mashairi

Hapa Unguja ukishajulikana tu kuwa unasikiliza hevi metali, ile miziki ya magitaa ya umeme na makelele, hata kama unasikiliza kwa hedifoni zako humsumbui mtu, lazma atatokea wa kukwambia hiyo ni miziki ya mashetani, na wala hakwambii kwa ubaya, anakwambia kwa huruma, anakutakia kheri. Hoja yake kubwa siku zote ni ile ile, kuwa kwenye hizo albamu mna maneno yamefichwa, ukiirudisha santuri kinyumenyume unasikia mambo mengine kabisa. Mie nasema ndio, yamo, tena mengi kuliko anavyodhani. Tatizo wengi wanaoyaogopa hawajakaa wakayasikiliza. Ukiyafukua unakutana na washairi wa Kiingereza Tennyson na Coleridge, unakutana na Goethe wa Ujerumani, unakutana na dua ya Waarmenia ya kuomba rehma. Na mara moja moja unakutana na kitu ambacho hakikustahiki kuwekwa pale hata kidogo, hicho ntakizungumza kwa kirefu mana mpaka leo hakijanitoka rohoni.

Chukua albamu ya Piece of Mind ya Iron Maiden, bendi ya Kiingereza, ilotoka Mei 1983. Mwaka mmoja kabla walitoa The Number of the Beast na kule Marekani vikundi vya dini vikawashukia, watu wakaandamana, santuri zikachomwa moto. Jamaa wakaona sawa, mnatafuta maneno ya siri, basi tutakupeni. Mwanzoni mwa nyimbo ya Still Life wakaweka sauti iliogeuzwa kinyumenyume. Ukiigeuza unamsikia mpiga dramu wao Nicko McBrain, wakati huo mgeni kwenye bendi, anamuigiza Idi Amin. Ndio, Idi Amin huyo huyo wa Uganda. Kwa usahihi zaidi anamuigiza mchekeshaji wa Kiingereza John Bird, ambae ndie alotoa santuri nzima ya kumuigiza Amin mwaka 1975. Maneno yenyewe hayaeleweki vizuri, anaonya watu wasichezee mambo wasiyoyajua, halafu anacheua. Basi, ndo siri yote.

Kila nikiifikiria hii nakwama hapo kwa Amin. Kwa Waingereza wa wakati ule Amin alikuwa mtu wa kuchekwa kwenye televisheni. Huku kwetu Amin ni Oktoba 1978, jeshi lake linavuka mpaka na kuingia Kagera, ni vijana walokwenda vitani kutoka bara na visiwani na wengine hawakurudi, ni Kampala kuanguka Aprili 1979. Miaka minne tu ilikuwa imepita pale studio walipokuwa wakicheka. Siwalaumu sana, hawakukusudia sisi, wala hawakufikiria kama iko siku mtu wa Zanzibar ataigeuza ile sauti asikilize. Lakini ndo uone, kitu alichokificha mtu mmoja kinafukuliwa na mtu mwengine kabisa mwenye kumbukumbu zake, na hapo maana inabadilika mikononi mwake. Hilo ndo linalonifanya nisichoke na habari hizi.

Halafu tazama hicho kichekesho kimekaa wapi. Upande wa kwanza wa santuri ile ile, Revelations inaanza na ubeti wa wimbo wa kanisani wa G. K. Chesterton wa mwaka 1906, dua ya kumuomba Mungu ainame asikie kilio cha watu. Upande wa pili unafunguliwa na The Trooper, nyimbo ilotoka kwenye shairi la Tennyson kuhusu wapanda farasi wa Kiingereza waliotumwa kuvamia mizinga ya Warusi pale Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854, amri imekosewa na wao wanakwenda hivo hivo. Ile sauti ya kinyumenyume inakuja mara tu The Trooper inapomalizika. Kwa hiyo mtu alokuwa akimsaka shetani kwenye albamu hii ilimbidi aruke dua moja na shairi moja mpaka amfikie Amin wa uongo.

Na The Trooper haikuchukua shairi ikalibandika tu. Tennyson aliandika wiki chache baada ya vita, kasimama nje, anawasifu mashujaa na mwendo wa farasi unausikia kwenye mizani yake. Steve Harris aliuchukua ule mwendo wa farasi akautia kwenye besi, lakini maneno akayahamisha mdomoni mwa askari mwenyewe, anaekwenda kufa na anajua. Sifa zote zikaondoka. Huyo ni msomaji mzuri wa ushairi, kaona shairi limenyamaza wapi akasemea hapo.

Kwangu mie lakini kilele ni Rime of the Ancient Mariner, nyimbo ya mwisho kwenye Powerslave ya 1984, zaidi ya dakika 13. Shairi lenyewe ni la Samuel Taylor Coleridge, lilichapishwa 1798. Baharia mzee anamzuia mtu anaekwenda harusini, anamshika kwa jicho lake tu, anamsimulia. Walikuwa melini, ndege mkubwa wa baharini akawafuata, walikuwa wakimlisha na upepo ukawa mzuri, baharia akampiga mshale akamuua bila ya sababu yoyote. Upepo ukakatika. Meli ikasimama katikati ya bahari, maji yamewazunguka pande zote na hawana la kunywa. Wenzake wakamvisha yule ndege maiti shingoni. Wakafa mmoja mmoja, macho wazi, wanamtazama yeye. Hakuokoka mpaka alipowatazama viumbe wa baharini, akauona uzuri wao akawabariki kutoka moyoni, ndo ndege akaanguka shingoni.

Sasa mtu wa kisiwani hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Ukikaa na wazee waliosafiri kwa majahazi kabla ya injini watakwambia dhoruba ni kitu kimoja, lakini kipindi cha maleleji, kaskazi imeshamalizika na kusi haijashika, tanga limening'inia na maji kwenye pipa yanapungua, hapo ndo watu walikuwa wanasomeana dua na kutazamana vibaya nani kafanya nini. Coleridge alipoandika shairi hili alikuwa hajawahi kusafiri baharini safari kubwa, kalitoa kwenye vitabu na kichwani mwake, na bado kaipata ile khofu sawasawa.

Iron Maiden walifanya kitu cha heshima. Hadithi waliisimulia kwa maneno yao, wakafupisha, ila sehemu mbili wakaacha beti za Coleridge mwenyewe zipite kama zilivyo. Ya kwanza ile ya maji kila mahali na hakuna la kunywa. Ya pili iko katikati ya nyimbo. Magitaa yanaanguka, dramu zinanyamaza, inabaki besi peke yake taratibu na sauti ya mbao za meli zinalia, halafu mtu anasoma ule ubeti wa mabaharia wanaokufa mmoja baada ya mmoja. Muziki wenyewe umekatikiwa na upepo! Dakika nzima na zaidi mnaelea. Upepo unaporudi, magitaa yanaporudi, unaskia mwilini. Nimesoma shairi lile kwa karatasi na nimelisikiliza kwa Iron Maiden, na mahala pale pa utulivu nasema bila ya kusita kuwa nyimbo imelishinda shairi, mana karatasi haiwezi kukunyamazisha kwa nguvu.

Bendi nyengine nyingi zimejaribu na si zote zimefaulu. Manowar mwaka 1992 walichukua Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, wakaifanya nyimbo ya dakika 28, mna solo ya dramu ndefu humo ndani ambayo sijui shujaa wake Achilles angeisubiri. Celtic Frost 1987 waliweka shairi la Baudelaire kwa Kifaransa chake, likasomwa na sauti ya kike juu ya fidla, kwa wakati ule ilikuwa ni ujasiri mkubwa kwa bendi ya metali. Moonspell wa Ureno 1996 wakamtia mshairi wao Fernando Pessoa mwishoni mwa nyimbo, kwa Kireno, mistari michache tu, na ile michache ndo inayobaki kichwani. Metallica 1988 wana ala tupu ya karibu dakika 10, To Live Is to Die, unaamini kabisa hamna maneno, mwishoni huko sauti inasoma mistari minne basi. Mistari hiyo ilikuwa imeachwa na mpiga besi wao Cliff Burton, alofariki Septemba 1986 kwenye ajali ya basi huko Sweden. Anaezima mapema hajui kama imo.

Na hapa ndo tunafika kwenye traki za siri zenyewe, nyimbo ambazo hazikuandikwa kwenye jalada. Sidii inabeba traki mpaka 99, mwisho wake huo. Nine Inch Nails kwenye Broken ya 1992 wakaweka nyimbo sita, halafu traki tupu za sekunde moja moja, halafu nyimbo mbili za ziada kwenye nambari 98 na 99. Tool 1993 yao wakaipeleka nambari 69. Korn 1998 wakafanya kinyume, traki 12 za mwanzo ni kimya sekunde tano tano, albamu inaanza nambari 13. Na kabla ya hao wote Nirvana 1991, ambao si metali lakini walimfundisha kila mtu, mwisho wa Nevermind kama dakika kumi za kimya halafu unavamiwa na kelele mtu umeshasahau kama sidii inazunguka. Iko na njia nyengine ya kijanja zaidi, nyimbo inawekwa kabla ya traki ya kwanza. Ukibonyeza kucheza inarukwa. Inabidi uanze traki ya kwanza halafu urudishe nyuma, uende kabla ya mwanzo.

Kwetu vitu hivi vilipotea njiani. Muziki wa nje ulikuwa unaingia na ndugu walioko Uarabuni na Uingereza, mtu kaja likizo na sidii mbili tatu, unazipeleka duka la kurekodi wakugeuzie kwenye kanda. Yule kijana wa dukani ana foleni ya taarab na qasida za watu, nyimbo ya mwisho ikishalia kimya kikaingia yeye anabonyeza kitufe, kazi imekwisha, anaandika jina kwa peni kwenye karatasi ya kanda. Huwezi kumlaumu. Lakini ndo ikawa watu wa rika letu tumekaa na albamu hizi miaka na miaka kumbe zina chumba cha nyuma hatujawahi kukiingia. Halafu ikaja simu, na simu ikavimaliza upande wa pili. Leo programu za muziki zinakuandikia kila kitu, jina la nyimbo na urefu wake mpaka sekunde, kile kimya cha dakika kumi mara nyingi kimekatwa na traki ya siri imepewa nambari yake kama wenziwe. Hakuna wa kumlaumu hapa pia, lakini nasikitika, mana ile kazi ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu alobaki. Msanii alikuwa anakwambia, wewe uliekaa mpaka sasa hivi, hiki chako.

Watu wetu wanalielewa hili kuliko wengi. Nenda kwenye taarab, Ikhwani Safaa ambao wapo tangu 1905 au Culture Musical Club, msikilize muimbaji anaimba habari ya ndege au ya ua, ukumbi mzima umetulia, halafu anafika ubeti wa tatu, bibi mmoja anainuka na noti yake mkononi anakwenda mbele taratibu kutunza na anamtazama mtu fulani kule viti vya nyuma. Kila mtu ukumbini kashajua ua ni nani. Hakuna alotaja jina. Sasa watu waloelewa hivi, waloishi na mafumbo tangu utotoni, wao ndo wanakuja kuniambia kuwa bendi ikificha neno basi lazma ni uchawi? Sikubaliani hata kidogo.

Na tenzi zetu za kale nyingi zinafanya jambo hilo hilo mwishoni. Umesoma beti mia na zaidi, umefika tamati, hapo ndo mtungaji anajitokeza, anataja jina lake, mwaka aloandika, idadi ya beti, na anaomba umuombee dua. Alokwenda nusu akaondoka hajui hata katungiwa na nani.

Sisemi kila kilichofichwa kina thamani. Korn kwenye albamu yao ya 1994 baada ya nyimbo ya mwisho nzito inayomtoa mtu machozi waliacha kimya halafu wakaweka sauti ya watu wanagombana habari ya gari, na ile mie naiona imeharibu kilichotangulia. Slayer 1985 walianza Hell Awaits na sauti za kinyumenyume zinazoalika watu wajiunge nao, inatisha vizuri kwa dakika moja, ukishajua umeshajua. Na iko khabari ya huzuni ya Judas Priest, walopelekwa mahkamani Reno, Nevada, mwaka 1990, wakidaiwa kuwa nyimbo yao moja ya albamu ya 1978 ilikuwa na amri ya siri iliowafanya vijana wawili wajidhuru. Jaji alisikiliza akaona bendi haina hatia, kile kilichosikika kilikuwa ni pumzi na gitaa zilizogongana kwa bahati. Wazazi wale walikuwa na msiba wa kweli, na msiba wa kweli unatafuta pa kushika. Lakini neno halikuwepo.

Traki ya siri ninayoipenda kuliko zote iko mwisho wa Toxicity ya System of a Down, 2001. Albamu yote ni mbio, makelele, hasira za jela na siasa na madawa, inakwisha na Aerials, unadhani basi. Halafu inaingia Arto. Hamna gitaa la umeme. Ni ngoma, pumzi, na sauti za mwanamuziki wa Kiarmenia Arto Tunçboyacıyan na jamaa wa bendi wanaimba, na chimbuko lake ni dua ya kanisa la Kiarmenia, Mola turehemu, Mola turehemu. Jamaa hawa wanne wote wana asili ya Armenia, bibi na babu zao walikimbia mauaji ya Waarmenia ya 1915. Wangeweza kuiweka mwanzo wakajisifu nayo. Wakaiweka baada ya mwisho, haina jina kwenye jalada. Mie ni Muislamu na dua ile si ya dini yangu, lakini kila nikifika pale nanyamaza, mana najua dhikri ikoje ikiwa watu wamezama, pumzi inageuka kuwa ngoma. Ile ndo maana ya kuficha kitu kwa heshima, unakilinda na kelele za nje.

Sasa nakuja kwenye lile nilosema halijanitoka rohoni. Reise, Reise ya Rammstein wa Ujerumani, 2004. Kwa ushairi ni albamu kubwa. Mna nyimbo inaitwa Dalai Lama ambayo ni shairi la Erlkönig la Goethe la mwaka 1782 limepandishwa ndege. Kwa Goethe ni baba juu ya farasi usiku, kampakata mwanawe, na mfalme wa mizimu anamwita mtoto, baba hasikii, wanafika nyumbani mtoto ameshakufa. Kwa Rammstein baba na mtoto wako ndani ya ndege kwenye dhoruba, bwana wa upepo anamwita mtoto, na baba kwa khofu anamkumbatia kwa nguvu mpaka anamtoa roho yeye mwenyewe. Wallahi ni kazi ya kutisha na ya akili, Goethe angeisikiliza. Mapenzi ya baba ndo yalouwa. Till Lindemann ni mshairi kweli, ana diwani yake ilotoka 2002, na hapa inaonekana.

Lakini jalada la albamu limetengenezwa kwa sura ya kisanduku cha kurekodia safari ya ndege, na kwenye baadhi ya nakala, ukianza traki ya kwanza ukarudisha nyuma, unakuta sauti za marubani. Na sauti zile ni za kweli. Ni za ndege ya Japan Airlines 123, tarehe 12 Agosti 1985, imetoka Tokyo kwenda Osaka, watu 524 ndani, wakafa 520. Ni marubani wanapigana na ndege isioshika usukani, dakika zao za mwisho duniani, zimewekwa pale kwa ajili ya shabiki mjanja alojua kurudisha sidii.

Mie siwezi kulikubali hilo. Najua hoja zitakazotolewa, kuwa albamu yote ni habari ya safari na mauti, kuwa sanaa inatakiwa iumize, kuwa rekodi ile ilishavuja zamani. Nasikia. Lakini sisi huku usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 tulipoteza mamia ya watu kwenye MV Spice Islander, imetoka Unguja kwenda Pemba, ikazama mkondo wa Nungwi imejaa kupita kiasi. Mwaka uliofuata Julai ikazama na MV Skagit. Pemba kulikuwa na mitaa hukuti nyumba isio na tanga. Watu walipigiana simu usiku ule kutoka majini. Zile simu za mwisho kuna watu bado wanazo masikioni na hawazisemi hata kwa ndugu zao. Sasa niambie, kama kuna mtu angekuwa na kipande kimoja tu cha sauti ile akakificha kwenye albamu kama zawadi ya mshabiki, tungemuita msanii? Maiti anafunikwa. Huku kwetu hata mtu hakukufundisha skuli, unalijua. Na waliokufa kwenye ndege ile nao wana watoto wanaoishi mpaka leo.

Tofauti ninayoiona ni idhini. Goethe alilitoa shairi lake kwa watu, akalichapisha, na mashairi tangu hapo ni ya kupita mdomo hadi mdomo, mwengine analipandisha ndege, sawa. Rubani hakutoa sauti yake kwa mtu. Tazama upande wa pili, Freddie Mercury, mtoto wa hapa hapa Mji Mkongwe alozaliwa 1946. Bendi yake Queen hawaitwi metali lakini Stone Cold Crazy yao ya 1974 Metallica waliichukua 1990 wakapata nayo Grammy, na James Hetfield akaiimba na Queen wenyewe Wembley Aprili 1992 kwenye tamasha la kumkumbuka. Freddie aliugua, akijua muda ni mchache akaingia studio na kuimba alichoweza, akawaachia wenzake wamalizie. Wakamalizia, ikatoka Made in Heaven 1995, miaka minne baada ya kifo chake, na mwisho wake mna traki ya 13 isio na jina, dakika 22 za sauti zinazoelea na vipande vidogo vya sauti ya Freddie humo ndani. Ile nayo ni sauti ya maiti imefichwa mwisho wa sidii. Nikiisikiliza siumii hata kidogo, mana yeye mwenyewe ndie aloitoa. Watalii wanajazana Shangani kupiga picha mlangoni kwake na dakika 22 zile sidhani kama wengi wanazijua.

Kinachonishughulisha zaidi siku hizi ni sisi wenyewe tufanye nini na haya. Finland kuna bendi ya Amorphis, 1994 walitoa Tales from the Thousand Lakes, maneno yote yametoka Kalevala, tenzi za Wafini ambazo Elias Lönnrot alizikusanya vijijini kwa wazee wakiziimba, akachapisha 1835. Mstari wa Kalevala una silabi nane. Utenzi wetu una mizani nane! Amorphis waliimba kwa Kiingereza kwa hiyo ile mizani ikawapotea njiani, lakini sisi hatuna sababu ya kuipoteza, lugha ni hii hii tunayoombea chumvi. Mizani nane inakaa kwenye dramu za metali bila kusukumwa, jaribu kugonga meza uone. Na maudhui yapo. Al-Inkishafi, shairi la kale la kisiwa cha Pate, majumba ya matajiri yameanguka, madaka yaliokuwa yakipangwa sahani za kichina sasa wanalala ndege, halafu kaburi, halafu adhabu. Nimesikiliza bendi nyingi za metali ya polepole na nzito zikitafuta huzuni ya namna hii na haziifikii. Pemba walikuwa na washairi Kamange na Sarahani, tungo zao ziliishi vifuani mwa watu na kwenye makaratasi ya kale mpaka zikaja kuwekwa kitabuni 2011, malumbano na mapenzi na mafumbo matupu. Na asinambie mtu kuwa Afrika Mashariki hatuwezi, Duma ni vijana wa Nairobi, wametoa albamu 2020 kwa kampuni ya Kampala, ni kelele nzito kabisa na dunia imewasikiliza.

Vijana wa hapa wanaopiga gitaa na wanaojua na kanuni na fidla za taarab wapo, ngoma tunazo. Na kama tatizo ni kuwa simu inafichua kila kitu, basi wafanye walivyofanya Edge of Sanity wa Sweden 1996, albamu nzima ya Crimson ni traki moja ya dakika 40, haina pa kuruka, huwezi kuchagua kipande. Utenzi mzima kwa traki moja, nyuzi za gitaa zimelegezwa mpaka sauti nzito kabisa, pumziko moja katikati upepo ukatike, na jina la mtungaji, mwaka na idadi ya beti zisisikike popote mpaka zile dakika mbili za mwisho.